Kitonge cha Kahawa Kiganjani

Treviso, Italia

Shangazi mpendwa,

   Kazi inaendelea, na baridi imeanza kuuma. Asubuhi ukungu hupanda kutoka mto Sile mpaka nyumba za ng'ambo zikapotea. Jumapili uliniuliza kwenye simu, "Huyo bibi unayemtunza bado anakula?" Nikajibu haraka kwamba anakula, mara mtandao ukakata. Swali lako lilistahili jibu refu kuliko lile. Ndilo hili.

Bibi ana miaka 87, na ugonjwa wa Parkinson umemshika mikono. Kijiko huondoka kwenye bakuli kimejaa, kikifika mdomoni hakina kitu. Chakula chote kiko kifuani. Na hiyo ndiyo mikono iliyoshona magauni ya harusi miaka na miaka. Ukutani kwake kuna picha za mabibi harusi wa mtaa huu, na kila pindo unaloliona ni kazi yake. Akili yake i timamu kabisa. Anajua tarehe, anajua bei ya mkate, anajua nani hajampigia simu wiki hii. Kwa hiyo aibu yote anaiona. Nikishika kijiko nimlishe, hufumba mdomo na kuangalia dirishani. Njaa anayo, Shangazi. Asichotaka ni kulishwa mbele za watu.

Jumapili wanawe na wajukuu huja, na mezani hapakosi tiramisu. Wajukuu hukomba visahani, yeye husema ameshiba. Mimi niliyempakulia mchana najua alichokula, na najua hajashiba.

Nikueleze kitamu chenyewe. Biskuti ndefu, nyepesi, ziitwazo savoyadi, huchovywa kwenye kahawa kali na kupangwa kwenye bakuli. Juu yake hupakwa krimu ya viini vya mayai, sukari na maskaponi, ambayo ni jibini laini la krimu lisilo na chumvi. Kisha biskuti tena, krimu tena, na mwisho hunyunyiziwa unga wa kakao. Hakiokwi. Hulala kwenye friji, na asubuhi biskuti zimelainika hata asiye na meno anakula.

Hapa Treviso hulitaji jina hilo bila kusimuliwa asili yake. Wenyeji watakupeleka mpaka mlangoni pa Le Beccherie, mgahawa wa katikati ya mji, wakuambie kwamba hapo ndipo kilipozaliwa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mikononi mwa Alba Campeol, mke wa mwenye mgahawa, na mpishi wa vitamu Roberto Linguanotto. Ado Campeol, mume wa Alba, alipofariki mwaka 2021 akiwa na miaka 93, magazeti ya dunia nzima yaliandika. Jirani zao wa Friuli Venezia Giulia hawakubali. Wao wanasema kililiwa kwao tangu miaka ya 1950, na mwaka 2017 wizara ya kilimo ya Italia ikakiweka kwenye orodha ya vyakula vya jadi vya mkoa wao. Mkoa wetu wa Veneto ukaja juu. Ugomvi huo haujaisha mpaka leo.

Mimi kilichonigusa ni jina. Tirami su maana yake ni "niinue". Bibi aliponieleza, aliongeza neno la lahaja yao, sbatudin: viini vya mayai na sukari, vinapigwa mpaka vinakuwa vyeupe na vizito. Zamani nyumba za Treviso ziliwapa sbatudin watoto wadhaifu, wazee, na wazazi waliotoka kujifungua, kama sisi tunavyompa mzazi uji na supu. Inasimuliwa kwamba Alba mwenyewe alipokuwa amedhoofika baada ya kujifungua, alipewa chakula cha namna hiyo kikiwa na kahawa ndani, na wazo la tiramisu likatokea hapo. Niliposikia hivyo niliwaza usiku kucha. Kitamu kilichotokana na chakula cha mgonjwa sasa kinapita mbele ya mgonjwa, naye hawezi kukigusa kwa sababu ya kijiko.

Nikasema moyoni: kijiko kiondoke.

Waitaliano wana vitamu vidogo viitwavyo tartufini. Jina linatokana na tartufo, ule uyoga wa thamani unaochimbwa ardhini, mviringo, mweusi, wenye udongo juu yake. Kitamu nacho ni kiduara cheusi chenye vumbi la kakao. Wapo wanaotengeneza tartufini za tiramisu, za kula mara moja zikaisha. Sisi neno tunalo tangu tunazaliwa: vitonge. Mtu aliyelelewa kwa ugali na ndizi hafundishwi kufinya tonge.

Hata hivyo mara ya kwanza niliharibu. Nilimimina kahawa ya moto yote kwa pamoja juu ya biskuti zilizosagwa, nikatia maskaponi papo hapo. Mafuta yakayeyuka, bakuli zima likawa kama uji wa mgonjwa, na friji haikuweza kuuokoa. Mara ya pili nilikwenda polepole, na tangu siku hiyo sijabadilisha kitu. Uwaandikie wanaotaka kujaribu:

Savoyadi gramu 220, maskaponi gramu 250, sukari gramu 60, viini 2 vya mayai, kahawa kali mililita 80, na kakao isiyo na sukari ya kuviringishia. Kahawa inapikwa kwanza, kwenye birika la moka, lile la pembe nane ambalo Alfonso Bialetti alilitoa mwaka 1933 na ambalo kila jiko la hapa linalo. Ikishapoa kabisa ndipo kazi inaanza. Biskuti zinatwangwa ndani ya mfuko kwa chupa mpaka ziwe kama chenga za mchele. Viini na sukari vinawekwa kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayofuka mvuke, unakoroga kwa kasi bila kupumzika mpaka vipauke na vishike kijiko. Watu wengi hapa hutumia mayai mabichi, lakini mtu wa miaka 87 humpi yai bichi. Moto ule ndio usalama wake. Vikipoa, unachanganya na maskaponi kwa upole, unamwaga biskuti, kisha unatia kahawa kijiko kimoja kimoja, ukisikiliza unga. Ukiufinya ukashikana bila kutoa maji, inatosha, hata kama kahawa imebaki. Friji saa moja. Halafu unalowesha viganja kwa maji baridi, unakata kipande cha gramu 15, ukubwa wa zambarau, unaviringisha. Vinatoka vitonge kama 40.

Nilidhani hapo nimemaliza. Kitonge cha kwanza nilikiviringisha kwenye kakao na kumpelekea saa ile ile. Akakipeleka mdomoni, akavuta pumzi, vumbi la kakao likamwingia kooni. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Nilimwinamisha, nikampiga mgongo, moyo ukinidunda, nikijilaumu kwamba katika kumtafutia heshima nimemtafutia hatari. Mtaalamu wa matatizo ya kumeza anayemtembelea alinifundisha: aketi wima, kidevu kielekee chini kidogo, kitonge kiwe na unyevu kote, na kile cha pili kisitolewe kabla cha kwanza hakijapita. Kuhusu kakao nilijifunza mwenyewe. Ukishaviringisha, virudishe kwenye friji saa mbili. Kakao hunywa unyevu wa krimu, hugeuka kutoka unga wa kupeperuka kuwa ngozi nyeusi inayoshikamana na kitonge. Ukigusa, kidole kinatoka safi.

Kuna jambo lingine nililoliona nikiwa na kijiko cha kahawa mkononi. Pakiti yetu imeandikwa mchanganyiko wa arabika na robusta, basi. Haisemi robusta ya wapi. Lakini robusta ndiyo inayoipa espreso uzito na lile povu la hudhurungi juu ya kikombe, na Italia ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa kahawa ya Uganda, hapo jirani zetu. Mashariki ya hapa, Trieste, bandari hupokea magunia mengi ya kahawa mbichi. Siwezi kusema buni iliyo kwenye kikombe cha Bibi ilitoka shambani kwetu Kagera, ila nikinusa asubuhi nakumbuka mikeka ya buni uani kwako, na wewe ukitufukuza tusiikanyage.

Sasa nikupe habari ya Jumapili iliyofuata.

Wajukuu walikuja, tiramisu ikawekwa mezani kama kawaida. Mbele ya Bibi nikaweka kisahani chenye vitonge vitano, bila kijiko, bila kusema neno. Aliviangalia kwa muda. Mkono wake wa kulia ukainuka, ukitetemeka, ukashuka, ukainuka tena. Vidole vitatu vikashika kitonge kama vilivyokuwa vikishika sindano. Mkono ulitetemeka njia nzima, lakini kitonge hakimwagiki, Shangazi. Kilifika. Akafumba macho, akatafuna polepole, akameza. Mjukuu mdogo naye akaacha kijiko chake, akaomba cha kula kwa mkono kama nona, yaani bibi yake. Hakuna aliyezungumza habari ya ugonjwa. Meza ilikuwa ya kawaida tu, watu wanakula kitamu.

Kisha Bibi akachukua cha pili. Nikasogea nihakikishe cha kwanza kimepita chote, kumbe hicho cha pili hakukipeleka mdomoni. Alinyoosha mkono ule unaotetemeka kwangu, akaweka kitonge kwenye kiganja changu.

Miaka mitatu nipo katika nyumba hii. Nimepewa mshahara, nimepewa chumba, nimepewa koti la baridi lililokuwa la binti yake. Vyote nashukuru. Lakini siku hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipokewa kama mgeni. Nilisimama na kile kitonge cha kahawa kiganjani, nikamwona marehemu Babu barazani, na kile kikapu kidogo cha amwani, akimpa kila aliyeingia punje chache za kutafuna kabla hajamuuliza shida yake. Kahawa mbichi, iliyochemshwa na majani yenye harufu, ikakaushwa. Nyumba iliyokosa amwani ilikuwa nyumba iliyokosa mlango. Na ulitusimulia wewe mwenyewe kwamba wazee walipochanjiana undugu walitumia tunda la kahawa, kwa sababu buni mbili hulala ndani ya ganda moja.

Usiku, tukiwa wawili, nilimweleza Bibi haya yote kwa Kiitaliano changu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama watu wa kwetu wakizeeka na kukosa meno wanafanyaje na kahawa hiyo. Nikamwambia wanapewa vilevile. Wakiweza watatafuna, wasipoweza watavumbika shavuni au kushika tu, hakuna anayerukwa.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: anakula, kwa mkono wake. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kupewa chakula kizuri kabisa na bado akabaki na njaa, kama njia ya kukipokea inamvunja heshima. Nakuomba uwaambie na wenzako wanaouguza wazee. Mama wa jirani yako aliyepooza mkono mmoja, asilishwe supu kwa kijiko kila siku kama mtoto. Kiazi kilichopondwa na siagi, ndizi iliyoiva, samaki aliyetolewa miiba vizuri, vyote hufinyika vikawa vitonge laini vya kiasi cha mdomo. Aketi wima, mkae naye, msimharakishe.

Na mkitaka hivi vyangu, msihangaike kutafuta maskaponi madukani. Chukueni nusu lita ya krimu nzito ya maziwa, muipashe moto mpaka karibu na kuchemka, mtie kijiko kimoja kikubwa cha maji ya limau, mkoroge inapoanza kuwa nzito, kisha muichuje kwenye kitambaa safi ndani ya friji usiku kucha. Asubuhi ndiyo maskaponi yenyewe. Biskuti yoyote laini isiyo na chumvi inafaa. Kahawa mnayo, hiyo sisi ndio tunaowaletea wao.

Nina ombi moja, Shangazi. Mwezi ujao kuna dada wa Muleba anakuja huku kusoma. Namba yake nimekutumia. Mpe amwani kidogo, hata ya kujaa ngumi, uifunge kwenye jani la mgomba kama zamani, na juu yake karatasi ili isimletee shida safarini. Bibi ameiulizia mara mbili. Kutafuna hataweza. Kuipokea kiganjani ataweza.

Nisalimie wote wa nyumbani, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka.

Ni mimi mwanao,
wa Treviso