Safari ya Martinique

Tukitengeneza safari ya kisiwa cha Martinique, katika bahari ya Karibi, kwanza tuchague majira. Tangu Juni mpaka Novemba ni wakati wa tufani. Heri Februari au Machi, mvua zikiwa chache. Kisiwa ni cha Ufaransa, basi Kifaransa tulichojifunza shuleni kitatufaa.

Siku zote tusiziache pwani: moja tuiwekee mji wa Saint-Pierre. Tarehe 8 Mei 1902, sikukuu ya Kupaa Bwana, mlima Pelée ulilipuka, na watu karibu 28,000 wakafa. Mlima ulikuwa umewaonya kwa majivu majuma mazima. Chumba cha gereza kilichomwokoa mfungwa Cyparis kingali pale. Twende kupumzika, lakini tusiwapite wafu hao bila kuwaombea.