Zaituni kwa Miguu

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba unakwenda China, swali la kwanza ni moja tu: "Unafuata mzigo gani?" Shoga yangu hakungoja hata jibu, akanipa orodha ya mikoba na saizi za viatu vya watoto wake. Si kosa lake. Kwa wengi wetu China maana yake ni Guangzhou na Yiwu, maghala na kontena, unakwenda umechoka na unarudi umechoka zaidi. Mimi mzigo wangu ulikuwa mmoja, na ulikuwa na ndevu.

Mume wangu anamalizia shahada ya uzamivu Xiamen, kusini mashariki mwa China. Napanda ndege mwezi wa Novemba, tulikuwa tumeishi mbalimbali mwaka mmoja na miezi kumi, mimi Dar na mtoto, yeye huko, na katikati yetu simu na tofauti ya saa tano. Wanaoijua ndoa ya simu watanielewa. Sauti mnaijua vizuri sana, ila mwendo wa mwenzio unausahau. Siku mbili za kwanza Xiamen tulikuwa na adabu mno, karibu, asante, kaa hapa, kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Siku ya tatu asubuhi akasema, "Mama, vaa raba. Twende Quanzhou tukatembee."

Quanzhou (tamka kama "Chwan-jo") iko nusu saa kwa treni ya kasi kutoka Xiamen. Watalii wengi wa kigeni huipita tu. Lakini mwaka 2021 UNESCO iliingiza maeneo yake 22 kwenye orodha ya urithi wa dunia, kwa sababu kati ya karne ya 10 na ya 14 hapa palikuwa mojawapo ya bandari kubwa kuliko zote duniani. Waarabu waliuita mji huu Zaituni. Zeituni zenyewe hazipo. Jina linatokana na citong, miti yenye maua mekundu iliyopandwa kuuzunguka mji, na masikio ya wageni yakasikia wanachokijua. Ibn Battuta, yule yule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika hapa miaka ya 1340 na akaandika wazi kwamba zeituni hakuziona. Meli, hizo alishindwa kuzimaliza kuhesabu.

Tulianzia mtaa wa Xijie, yaani Mtaa wa Magharibi. Nyumba za matofali mekundu, paa zimepinda ncha kama mkia wa mbayuwayu, pikipiki za umeme zinakupita bila sauti mpaka roho inaruka. Kifungua kinywa cha hapa ni mianxianhu, tambi nyembamba kama uzi wa cherehani zilizopikwa hadi zikawa uji. Unasimama mbele ya sinia na kuonyesha kwa kidole unataka kuwekewa nini: chaza, ngisi, utumbo, nyama ya siki. Kwa sisi tusiokula nguruwe hapo ni pa kuwa macho, maana hata mchuzi mara nyingi ni wa mifupa yake. Mume wangu alikuwa ameshapata kibanda kinachotumia kamba na samaki. Akamwita mama muuzaji "ayi", yaani shangazi, akamwambia kwa Kichina chake kile cha Tanga kwamba nguruwe hatuli, na yule mama akajibu kwa kumwongezea chaza. Pembeni unapewa andazi refu lililokatwakatwa, unalichovya. Nikamwangalia. Miaka yote ya ndoa mwanamume huyu alikuwa hajui chumvi inakaa kabati gani. Sasa anajua kupatana bei ya vitunguu kwa lugha ya watu. Nilifurahi, na papo hapo kitu kikanichoma. Amejifunza kuishi bila mimi.

Tuendelee kula. Chaza wadogo hukaangwa na mayai, unga wa viazi vitamu na majani ya kitunguu saumu. Ukipenda chipsi mayai, hii ni binamu yake wa pwani. Ila omba ikaangwe kwa mafuta ya mimea, maana kwa asili hutumika ya nguruwe. Runbing ni kama chapati nyembamba sana, inaviringishiwa karoti, mwani na unga wa karanga, unaishika mkononi unatembea nayo. Halafu kuna tusundong. Kwa macho ni kitu kizuri, kama jeli ya sikukuu, duara linaloonekana hadi ndani. Ndani mna viumbe virefu vinavyofukuliwa kwenye matope ya bahari, na ndivyo vinavyotoa ute unaogandisha hiyo jeli. Nilipoambiwa nikaweka vijiti chini. Nikavichukua tena, kwa sababu alikuwa ananicheka. Kusema kweli siki, kitunguu saumu na pilipili ndizo zinazofanya kazi yote pale.

Katikati ya mtaa huo huo kuna hekalu la Kibudha la Kaiyuan, lililoanzishwa mwaka 686. Minara yake miwili ya mawe ilijengwa karne ya 13, wa mashariki una mita 48, na wote wawili walistahimili tetemeko kubwa la mwaka 1604. Watu hupiga picha za minara wakaondoka. Wewe zunguka nyuma ya jumba kuu. Utakuta nguzo mbili zenye michoro ya miungu ya Kihindu, zilizochukuliwa kwenye hekalu la Wahindu waliokuwa wakifanya biashara hapa. Nguzo za Wahindu ndani ya nyumba ya Wabudha, na hakuna anayeshangaa. Uwanjani kuna pia mabaki ya jahazi la karne ya 13 lililofukuliwa ghubani mwaka 1974, urefu wake mita 24. Ndani walikuta mbao za manukato, pilipili manga, ubani na ambari. Mimi mtoto wa pwani nilisimama nikijihisi nanusa kabati la bibi yangu.

Kutoka hapo hadi mtaa wa Tumen ni mwendo wa kama nusu saa, nasi tulitumia saa mbili, kwa sababu ya shihuagao. Ni jeli laini ya mwani uliochemshwa, inatiwa asali na maji baridi. Nimekulia karibu na watu wanaoanika mwani uondoke kwa magunia, na sikuwahi kufikiria kwamba unaweza kurudi ukiwa kwenye glasi na kijiko.

Msikiti wa Qingjing ulijengwa mwaka 400 wa Hijria, yaani 1009. Lango lake refu ni la mawe, lina matao yanayoingiana moja ndani ya lingine, na ukumbi wa zamani wa sala umebaki kuta tu, paa ni mbingu. Maandishi ya Kiarabu ukutani yanaeleza kwamba mwaka 1310 ulikarabatiwa na mtu wa Shirazi. Mtu wa Kilwa au Unguja akisikia neno hilo anainua kichwa. Jirani kabisa ni hekalu la Guan Yu, moshi wa udi wao unapanda na kuvuka ukuta, na mbele kidogo ni hekalu la Confucius. Tuliswali adhuhuri kwenye chumba kidogo pembeni, tukatoka, tukanunua chai.

Chai yenyewe ni Tieguanyin kutoka Anxi, wilaya iliyo chini ya Quanzhou. Vikombe ni vidogo kama vile vya kahawa chungu, na mtindo wa kukaa ni ule ule wa barazani: unanywa, unamiminiwa, maneno yanakuja yenyewe. Yetu hayakuja. Nilijua kuna jambo, kwa sababu mume wangu akiwa na jambo anasimulia historia.

Likaja kesho yake, kilima cha Lingshan, mashariki ya mji. Pale kuna makaburi mawili ambayo kwa mapokeo ya Waislamu wa China ni ya watu waliokuja kuhubiri dini zamani sana. Jiwe moja linasema kwamba mwaka 1417 amiri Zheng He alifika kufukiza udi kabla ya kusafiri. Safari hiyo ilifika Mogadishu na Malindi, miaka miwili baada ya twiga wa Malindi kupokewa na mfalme wa China. Basi tumekaa chini ya miti, ananieleza wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiajemi walivyokuja na upepo mmoja wakisubiri mwingine wa kurudi nao, na wengi wakaoa hapa hapa. Ukoo wa Ding wa Chendai hadi leo unajihesabu kizazi chao, na Chendai siku hizi ni mji wa viwanda vya viatu. (Huenda viatu vya orodha ya shoga yangu vinatoka huko.)

Nikamuuliza, "Na wake zao wa kule walikotoka, walifanyaje?"

Akanyamaza. Kisha akasema: amepata kazi, ni nzuri, ni hapa hapa, na mkataba ni wa miaka miwili baada ya masomo. Hajajibu. Alitaka aniambie uso kwa uso.

Jamani, sikulia wala sikupiga kelele. Nilisoma mawasiliano chuoni, najua kabisa kwamba kilichosemwa si kitu kama hakijasikika, kwa hiyo nikamwambia, "Nimesikia, baba. Nipe usiku." Tukashuka kilima tukala supu ya tambi kwa Waislamu wa kaskazini waliohamia mjini. Hatukuligusa tena siku ile.

Siku ya mwisho tulikwenda Xunpu, kijiji cha wavuvi ambacho kuta za nyumba za kale zimejengwa kwa makombe makubwa ya chaza. Wenyeji husimulia kwamba makombe hayo yaliletwa na majahazi yaliyokuwa yakirudi matupu, kama uzito wa kuyatuliza majini. Wanawake wa Xunpu husuka shungi nyuma ya kichwa na kulizungushia maua mabichi, yasmini ikiwamo, na sasa wasichana wa China nzima wanakuja kupambwa hivyo wapigwe picha. Nikakaa kwenye kigoda. Yule bibi alipokuwa ananichomeka maua, nikakumbuka kikuba cha harusi yangu, na nikasema bila kugeuka, kwani ukigeuka unavutwa nywele:

"Mwaka mmoja. Na nauli ya likizo mara mbili iandikwe kwenye mkataba, si kwa mdomo. Wakitaka miwili, utuchukue wote."

"Na kazi yako?"

"Ndiyo maana nimesema mmoja."

Alituma ujumbe jioni hiyo, tukiwa stesheni. Jibu lilikuja wiki mbili baadaye, mimi nimesharudi Dar: mwaka mmoja, nauli mara mbili. Mtoto ameshaanza kuhesabu Desemba.

Kama na ninyi mnafikiria kwenda, chagueni Novemba au Desemba. Kiangazi ni joto na vimbunga, na miezi hiyo ndiyo upepo wa kaskazini mashariki unapovuma, ndugu wa kaskazi yetu. Maofisa wa kale waliuombea kwenye mlima wa Jiuri na kuchonga kumbukumbu za maombi hayo kwenye miamba. Viza ya China tafuteni mapema. Malipo karibu yote ni kwa simu, hivyo unganisheni kadi ya benki na programu ya Alipay kabla ya safari, ila noti chache za yuan ziwe mfukoni kwa ajili ya vibibi vya kando ya barabara. Sentensi ya "sili nguruwe" iandikwe kwa Kichina kwenye simu, iwe ya kuonyesha. Laleni ndani ya mji mkongwe, si kwenye mahoteli mapya ya mbali. Na shihuagao mwiwahi kabla ya jioni, sufuria likiisha ayi anafunga.