Bei Moja ya Mahindi

Mkulima wa Mbeya ana adui asiyekufa, naye ni masafa. Toka kwake hata Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Katika miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima. Gharama ya safari ikawa mzigo wa Shirika la Taifa la Usagishaji. Mbolea nayo ilipata ruzuku. Hivyo Iringa na Mbeya zikawa ghala la taifa. Walakini shirika lilizama katika madeni, na wema unaolipwa kwa deni hauna umri mrefu.

Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere aling'atuka, Ali Hassan Mwinyi akashika usukani. Mwaka 1986 nchi ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Biashara ya nafaka ikafunguliwa hatua kwa hatua. Mwenye lori alifika kijijini akalipa taslimu, neema kubwa kwa watu waliochoka kungoja malipo, ila nauli aliikata katika bei.

Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali iliwauliza wananchi habari ya vyama. Wapata wanane katika kila kumi walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo Tume ilishauri vingi, vikaruhusiwa mwaka 1992. Ajabu ni kwamba juu ya vyama mkulima aliulizwa, na juu ya bei iliyomlisha mageuzi yalikwisha kupita shambani mwake. Alipopanga mstari wa kura mwaka 1995 vyama vilikuwa vingi, na ruzuku ya mbolea ilikuwa imekwisha ondolewa.