Kutoka Kwa Vonza Mpaka Wote: Kanuni za Vyuo na Haki ya Kusikizwa

Mtu atokaye Machakos kwenda Kitui hupita Wamunyu, mahali panapojulikana mbali kwa wachongaji wake wa vinyago, kisha hushuka mpaka Mto Athi. Akiisha kuuvuka hupanda uwanda wa Yatta, ule mgongo mrefu wa mawe ya volkano unaonyoka kwa kilomita zipatazo 300. Nchi ni kavu. Miti yake ni migunga na mibuyu. Mashamba yake ni ya ndengu, mbaazi, mtama na mawele. Na mvua ikikawia, mbuzi ndio akiba ya mkulima. Lakini hapo juu ya uwanda, mahali paitwapo Kwa Vonza, msafiri hukuta jambo asilolitazamia katika nchi kavu kama ile: vijana wengi wenye vitabu, vyumba vya kupanga, maduka ya kupiga chapa na kunakili karatasi, na kibao cha Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya.

Chuo hicho kina asili yake. Hapo kwanza palikuwa na Taasisi ya Kilimo ya Ukamba, ambayo wengi waliiita UKAI, iliyotokana na moyo wa harambee ya wenyeji. Mwaka 2008 ikageuzwa kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 2013 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Tena katika Kitui na Makueni kuna matawi ya chuo cha uganga cha KMTC, na vyuo vya ualimu na vya ufundi. Kwa hiyo leo mkulima wa Mutomo au wa Kathonzweni aweza kuwa na mwana chuoni bila kumpeleka Nairobi, na habari za vyuo zimekuwa habari za nyumbani kwake.

Nalisafiri katika nchi hii kutoka Kwa Vonza hata Wote, kwa njia ya Kitui, Mutomo na Kibwezi. Katika safari hiyo nalitaka kulifahamu jambo moja: mwanafunzi akishitakiwa kwamba amevunja kanuni za chuo, huhukumiwa kwa njia gani, na mzazi wake ana nafasi gani katika hukumu hiyo?

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili cha zamani chuo maana yake ni kitabu, na mwanachuoni ni mtu wa kitabu. Basi ni ajabu kwamba kitabu ambacho wanachuo wengi hawakisomi ni kile kijitabu cha kanuni wanachopewa siku ya kwanza. Kijana hufika na sanduku lake na risiti ya ada, hupewa fomu isemayo kwamba amezisoma kanuni na atazitii, naye hutia sahihi papo hapo ili asipoteze nafasi yake katika foleni ya chumba cha kulala. Sisi makarani twajua nguvu ya sahihi. Kanuni zile hukataza udanganyifu katika mtihani, ulevi na bangi, kupigana, kuwasumbua wasichana, kuharibu mali, na fujo za makundi. Adhabu zake huanzia kwenye onyo na malipo ya fidia, hupita kwenye kusimamishwa masomo kwa muda, na mwisho wake ni kufukuzwa kabisa. Mzazi aliyeuza ng'ombe wawili ili kulipa ada ya mwaka mmoja aweza kupoteza yote kwa kosa la saa moja.

Wala mtu asiseme kwamba kanuni na mabaraza ni vitu vilivyoletwa na vyuo. Wakamba walikuwa na nzama, baraza la wazee lililoamua mashauri ya kijiji, na kila upande ulisema maneno yake. Hata katika adhabu kali kuliko zote, iliyoitwa king'ole, ambayo kwayo mtu aliyezoea wizi au aliyehesabiwa kuwa mchawi aliuawa na watu wote pamoja, wazee hawakutenda neno mpaka jamaa yake wa karibu ameulizwa na kukubali. Adhabu ile ilikomeshwa katika enzi ya ukoloni, na hapana mtu mwema atakayeilia. Lakini tuangalie jambo hili: hata wazee waliokuwa na uwezo wa kuua waliona haifai kuhukumu kijana wa watu pasipo kuwaita watu wake.

Barabara ya kutoka Kitui kwenda Kibwezi zamani ilikuwa vumbi tupu, na sasa ni ya lami. Katika basi, baada ya Mutomo, kando yangu aliketi mama mmoja wa makamo, ambaye katika pindo la leso yake alikuwa amefunga bahasha. Alipoona nina kalamu mfukoni akaniuliza, “Mwanangu, wewe wasoma Kiingereza?”

“Nasoma, mwaitu.”

Akanipa barua. Ilikuwa imetoka katika chuo anachosoma mwanawe, na ilikuwa nyumbani kwa muda wa wiki mbili. Akanieleza kwamba kijana amefukuzwa, hasemi na mtu, na kwamba yeye mama anakwenda kwa ndugu yake Kibwezi amtafutie kijana kazi katika mashamba ya mkonge.

Nikaisoma mara mbili. Kijana hakuwa amefukuzwa. Alikuwa ameshitakiwa kwamba alikutwa na karatasi zilizoandikwa ndani ya chumba cha mtihani. Kwa hiyo amesimamishwa, naye aitwa mbele ya kamati ya nidhamu siku ya Alhamisi iliyofuata, saa tatu asubuhi. Aliruhusiwa kuleta maelezo yake kwa maandishi na kufuatana na mzazi. Mwishoni iliandikwa kwamba asipofika, kamati itaamua bila yeye.

“Kumbe wanamwita?” akauliza.

“Wanamwita, mwaitu. Siku ni Alhamisi, na leo ni Jumatatu.”

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Na kama ni kweli alikuwa nazo hizo karatasi?”

“Kama alikuwa nazo, ataadhibiwa. Lakini ataadhibiwa akiwa amekwisha kusema, na wewe ukiwapo. Pengine atapewa adhabu ya mwaka mmoja badala ya kufukuzwa. Asipokwenda, hapana atakayemsemea.”

Tulipofika Ikutha akashuka na mizigo yake, akavuka barabara kungojea gari la kurudi. Sikupata kujua mwisho wa shauri lile. Lakini nalijiuliza ni wazazi wangapi katika vijiji vyetu wamewekewa barua kama ile chini ya godoro mpaka siku ikapita, kwa sababu imeandikwa kwa lugha wasiyoijua, na kijana aliyeweza kuisoma alishikwa na haya.

Sasa tuitazame sheria, maana katika jambo hili sheria ya Kenya iko wazi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 47, humpa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu na wenye mamlaka, na kupewa sababu kwa maandishi ikiwa uamuzi wao utamdhuru. Mwaka 2015 Bunge lilitunga sheria ya kuifafanua haki hiyo, nayo hufika hata katika vyuo. Kwa ufupi husema hivi. Kwanza, mshitakiwa aelezwe mapema ni kosa gani na kwa sababu gani. Pili, apewe nafasi ya kusema maneno yake. Tatu, aonyeshwe habari na ushahidi utakaotumiwa juu yake. Nne, aweze kufika mwenyewe, kuwauliza maswali wale wanaomshuhudia, na kuomba siku nyingine ikiwa lazima. Tano, aambiwe kwamba yuko huru kukata rufani. Sheria hiyo pia hutaka mtu amalize kwanza rufani za ndani ya chuo kabla ya kwenda mahakamani. Mahakama za Kenya zimepata kubatilisha adhabu za vyuo ambazo wanafunzi walipewa bila kusikizwa. Na mara nyingine zimewakatalia wanafunzi ambao waliitwa, wakasikizwa, na kosa likaonekana.

Kwa watoto wa shule sheria ya elimu ya mwaka 2013 husema vivyo hivyo: mtoto asifukuzwe ila njia nyingine zote za kumrudi zimekwisha kujaribiwa, na baada ya yeye na mzazi wake kupewa nafasi ya kusikizwa.

Kanuni hii ni ya kale. Mwaka 1718 Chuo Kikuu cha Cambridge huko Uingereza kilimvua digrii zake mwanachuoni mashuhuri, Richard Bentley, pasipo kumwita ajitetee. Bentley alikuwa mtu mgomvi sana, na wengi walifurahi. Lakini mwaka 1723 mahakama iliamua kwamba chuo kimekosa, na arudishiwe digrii zake. Hakimu mmoja alitoa mfano wa Adamu katika bustani ya Edeni: hata Mwenyezi Mungu, ambaye hakuna asilolijua, alimwita kwanza na kumwuliza kabla ya kumtoa. Basi kamati ya nidhamu, ambayo haijui yote, yapaswa kuuliza zaidi.

Basi lilipoingia Kibwezi tulikuwa tumefika Makueni, nchi ambayo ilijua kengele ya shule mapema kuliko mahali pengi pa bara. Wamisioni wa Kiskochi walijenga Kibwezi mwaka 1891, kabla ya kuhamia Kikuyu mwaka 1898. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott alianzisha kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission katika Nzaui, akafariki dunia mwaka uliofuata. Katika shule zilizozaliwa na misioni hizo na nyingine, wengi wetu na baba zetu tulijifunza kusoma, na pia tulijifunza fimbo. Fimbo ile ilikuwa na sheria yake. Kanuni za serikali za mwaka 1972 ziliamuru kwamba adhabu isizidi viboko sita, itolewe baada ya uchunguzi, mbali na macho ya wanafunzi wengine, na iandikwe katika daftari. Waliosoma zamani hizo watakumbuka kama daftari lilifunguliwa kila mara. Mwaka 2001 fimbo ikaondolewa shuleni kwa sheria.

Mwaka huo huo wa 2001 Ukambani ilipata msiba ambao haujasahauliwa. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, moto uliwashwa makusudi katika bweni, na wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Hakuna manung'uniko yawezayo kuwa udhuru wa kuchoma watu waliolala; neno hilo lisemwe bila kigugumizi kwa kila kijana. Lakini jopo lililoongozwa na Bi. Naomi Wangai lilipochunguza fujo za shule mwaka ule, lilitaka pia ushauri kwa wanafunzi uimarishwe. Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli, ila mkuu naye asiyesikia la mdogo aweza kukaa juu ya moto asiujue.

Kwa sababu hiyo nasema kwamba kusikiza si kulegeza nidhamu. Imekuwa desturi katika vyuo vingi vya Kenya, fujo zikitokea, chuo chote kufungwa na wanafunzi kuamriwa kuondoka mara moja, kisha wakirudi kila mmoja hulipa sehemu ya hasara. Mvunja dirisha na aliyekuwa maktaba hulipa sawasawa. Adhabu ya namna hii ni nyepesi kwa wakuu kuitoa, lakini humfundisha kijana mwema kwamba wema wake haukuhesabiwa. Kuitisha kamati, kumwita kila mshitakiwa kwa jina, na kuandika sababu ni kazi ndefu. Walakini adhabu itokayo huko huheshimiwa hata na anayeipata.

Huko Wote, katikati ya miembe na michungwa ya Makueni, nalikuta wazazi wakijiandaa kuwapeleka watoto chuoni kwa muhula mpya. Kwao na kwa wasomaji wote nina maneno machache. Mzazi, kabla mwanao hajatia sahihi, someni naye kijitabu cha kanuni, hasa sehemu ya mtihani na ya rufani. Barua ya chuo ikija, isilale ndani ya nyumba hata usiku mmoja. Ipelekwe kwa mtu aijuaye lugha yake, na siku iliyotajwa iandikwe ukutani. Kijana aandike maelezo yake kwa ukweli, abaki na nakala, na uamuzi ukitoka ahesabu siku za rufani tangu tarehe ya barua. Wakuu wa vyuo nao wangefanya vema kutia ukurasa mmoja wa Kiswahili, au wa Kikamba, pamoja na ile barua ya Kiingereza. Gharama yake ni karatasi moja. Na sisi makarani, tulio na kalamu mifukoni, tusimwambie mama aliyeshika bahasha kwamba ofisi imefungwa.