Hodi ya Simu: Sauti ya Wakala wa Bima Baina ya Kitengela na Kajiado

Wahenga walinena kuwa neno jema humtoa nyoka pangoni. Hawakutuachia, hata hivyo, wasia wa kufuata iwapo nyoka mwenyewe ameliacha pango, au yumo lakini amezima simu. Hilo ndilo fumbo linalomkabili kila asubuhi wakala mmoja wa bima mjini Kitengela, mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Machakos. Ofisi yake ni meza moja katika kibanda cha kupiga chapa na kutoa nakala kandokando ya barabara iendayo Namanga. Juu ya meza hiyo pana daftari la mistari, na ndani ya daftari pana majina ya watu ambao huenda wakawa wateja wake. Huenda, maana katika kazi yake neno hilo hutangulia kila jina.

Kitengela ya leo si Kitengela ya jana. Mbuga hizi zilizo kusini mwa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi zilikuwa malisho ya mifugo ya Wamaasai na mapito ya nyumbu na pundamilia. Viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje vilipoanzishwa katika eneo la Athi River miaka ya 1990, wafanyakazi walihitaji mahali pa kulala. Ardhi ikagawanywa, ikauzwa, ikazungushiwa ua. Leo gorofa zimesimama mahali pa zizi. Wakazi wengi hudamka kabla ya jogoo kuwika, wakaabiri matatu kuelekea Nairobi, na kurejea giza limekwisha kutanda. Ukisafiri kusini, ukapita Isinya na kuufikia mji wa Kajiado, maisha hubadilika mwendo: huko saa hupimwa kwa kisima, kwa malisho na kwa siku ya mnada wa mifugo. Mwanamke huyu huuza bima katika dunia hizo mbili kwa simu moja.

Si kazi ya mzaha. Ili kupata leseni ya uwakala hapana budi mtu ahitimu mafunzo maalumu ya bima na kuandikishwa na mamlaka inayosimamia sekta hiyo. Baada ya hapo hupewa kila kitu ila mshahara. Anachokula ni kamisheni, na kamisheni haipatikani mpaka mtu akubali kulipa leo kwa ajili ya msiba ambao hapendi hata kuufikiria. Nchini Kenya malipo yote ya bima yamekuwa chini ya asilimia 3 ya pato la taifa kwa miaka mingi. Kwa lugha nyepesi, watu walio wengi wanasema la, na wengi wa hao hawasemi chochote kabisa. Hawapokei simu.

Hapo ndipo sauti maarufu kuliko zote humu nchini inapoingia: mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Watoto huiigiza michezoni, na wapenzi huilaani usiku. Katika nchi nyingine, asiyepatikana huachiwa ujumbe wa sauti mara tu mlio unaposikika, na mawakala wa huko hufundishwa namna ya kuuacha. Kwetu sisi desturi hiyo haikumea vyema. Mpigaji aliyehofia kukatwa salio kwa kuongea na mashine alikata simu upesi, akabipu, ama akatuma ombi la kupigiwa. Mambo yalibadilika pale WhatsApp ilipoleta ujumbe wa sauti mwaka 2013. Ghafla bin vuu, taifa lililokataa kuongea na mashine likaanza kuitumia usiku na mchana.

Waama, kumwachia asiyekuwapo maneno si jambo geni kwa Waswahili wala kwa majirani zao. Kabla ya simu kulikuwa na mtumwa wa maneno, yule mtoto aliyekaririshwa salamu na kutumwa ng'ambo ya pili ya mto. Baadaye zikaja kadi za salamu katika redio ya taifa, ambapo mtu wa Voi alimsalimu mtu wa Kakamega bila ya kujua iwapo redio ya huko imewashwa. Aliyetuma salamu alijua jambo moja muhimu: msikilizaji hawezi kuuliza swali. Lisiloeleweka litabaki hivyo.

Wakala wetu hakulijua jambo hilo mapema. Ujumbe wake wa kwanza kwa mzee mmoja wa Kajiado, mwenye gari dogo la mizigo lililobeba mbuzi hadi mnadani na nyasi kutoka huko, ulichukua karibu dakika tatu. Alijitambulisha kwa jina na cheo. Akaisifu kampuni. Akaorodhesha aina tano za bima. Mwishoni, kwa kasi ya mtu anayehofia kukatizwa, akamwambia kuwa bima yake ya mtu wa tatu ingemalizika Ijumaa na kwamba ingefaa aihamishe hadi bima kamili. Kisha akataja nambari yake mbio mbio na kukata.

Mzee aliusikiliza ujumbe. Aliusikiliza hata mara mbili, kwani alikuwa mtu wa adabu. Lakini katika Kiswahili anachokitumia yeye mnadani, mtu wa tatu ni mtu mwingine, si yeye wala si yule anayezungumza naye. Akahitimisha kuwa yule binti amekosea nambari na kwamba habari zile zilimhusu jamaa fulani asiyemjua. Ijumaa ilipofika, dereva wake alilipia bima ile ile ya siku zote, ile ya lazima ambayo askari wa barabarani huikagua kwenye kioo cha mbele. Miezi miwili baadaye gari liliacha njia karibu na Isinya, likabiringika na kuwaka moto. Dereva alitoka salama, alhamdulillahi. Mbuzi hawakutoka, na gari likabaki fremu nyeusi.

Sheria ya Kenya humlazimu kila mwenye gari kuwa na bima inayowakinga watu wengine wanaoweza kudhurika barabarani. Bima hiyo peke yake haimfidii mwenye gari kwa hasara ya gari lake. Mzee alipoelezwa hayo aliutafuta ule ujumbe wa zamani, akampigia wakala mwenyewe. Hakufoka. Alisema tu, "Binti yangu, uliniambia habari za mtu wa tatu. Mimi nilikuwa wa kwanza."

Mwanafunzi wa sarufi atatabasamu kwanza, kisha atanyamaza. Nafsi ya tatu ambayo sisi huichora ubaoni kwa chaki, hapa ilimgharimu mtu riziki yake. Istilahi ile ni tafsiri sisisi iliyofanywa na mtu aliyejua sheria, wala hakumfikiria msikilizaji. Wakala hakuiunda, aliirithi. Hata hivyo yeye ndiye aliyeitamka, na usiku ule hakupata usingizi. Aliusikiliza upya ujumbe wake mwenyewe kama anayesikiliza sauti ya mtu asiyempenda.

Kilichofuata ni elimu ambayo haikutolewa katika mafunzo ya leseni. Kwanza alijiuliza, mgeni anapofika mlangoni hufanya nini? Hupiga hodi. Haingii na mizigo yote, wala haanzi kutandaza bidhaa barazani. Husema yeye ni nani, ametumwa na nani, na ana haja gani, halafu husubiri. Na adabu ya pwani humtaka abishe mara tatu tu, na asipojibiwa arudi zake kwa heri. Ujumbe wa sauti ni hodi. Kazi yake ni kumfanya mwenye nyumba aufungue mlango, maana mauzo yenyewe hufanyika ndani. Tangu hapo jumbe zake zikashuka kutoka dakika tatu hadi nusu dakika, na hakuna mtu katika daftari lake aliyepata zaidi ya tatu.

Pili, alijifunza kuchagua jambo moja. Mwanafalsafa Paul Grice, katika makala yake ya mwaka 1975, alieleza kuwa mazungumzo hutegemea ushirikiano: mtu aseme kiasi kinachohitajika, aseme kweli, aseme linalohusika, na aliseme kwa uwazi. Wakala huyu hajamsoma Grice, lakini amezifikia kaida hizo zote nne kwa njia ya machozi. Aina tano za bima zilivunja kaida ya kiasi. Mtu wa tatu alivunja kaida ya uwazi. Sasa husema, "bima uliyo nayo itamlipa utakayemgonga, haitakulipa wewe gari likiungua." Ni sentensi ndefu kuliko istilahi, lakini haimwachi mtu nje ya mlango.

Tatu, alijifunza kuinama. Katika desturi ya Wamaasai, kijana humwinamia mzee, na mzee humgusa kichwani kabla ya neno lolote. Simu haina kichwa cha kuinamisha. Kwa hiyo sauti haina budi kuinama. Siku hizi huanza kwa "Baba, sopa", kisha hunyamaza kidogo, kana kwamba anasubiri lile "epa" la kuitikia. Kimya hicho cha sekunde moja hakiuzi chochote, lakini hakuna anachokithamini zaidi. Vilevile haulizi katika ujumbe mtu ana ng'ombe wangapi, kwa kuwa wafugaji wengi hawapendi mifugo yao ihesabiwe, sembuse na sauti isiyo na uso. Wala hakitaji kifo kavukavu. Simu ya nyumbani husikilizwa na mke, na mtoto, na mgeni aliyekuja kuchaji yake. Bima ya maisha ikitajwa hapo, jioni kutakuwa na baraza la ukoo kuulizana baba anaumwa nini.

Nne ni nambari. Kila mtu huitamka yake kama wimbo anaoujua, akasahau kuwa msikilizaji hana kalamu. Wakala huyu huzitaja tarakimu kumi kwa mafungu, polepole, mara mbili, sufuri na saba zikitengana wazi. Huku Kitengela wengi wamezoea tarakimu za Kiingereza, naye huwapa hizo. Kule Kajiado huzitamka kwa Kiswahili, na palipo na ajuza asiyesoma humwomba mjukuu ampigie. Kisha hutaja siku na saa atakayopiga tena, na hupiga saa hiyo hiyo. Ahadi ni deni, na kwa mtu anayeuza ahadi, deni hilo ndilo bidhaa yenyewe.

Tano, na hili ni la sheria kabla halijawa la adabu, huanza kwa kueleza alikoipata nambari. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, mtu hawezi kuchukuliwa tu taarifa zake zikatumiwa kwa biashara pasipo ridhaa. Orodha zinazouzwa vichochoroni amezikataa. "Nimepewa na shemeji yako wa Isinya, naye alisema nikuombe ruhusa kwanza." Maneno hayo hufungua milango zaidi ya sifa zote za kampuni.

Kuna mambo ambayo hata ujumbe ulio bora hauyawezi. Bima ya mifugo ilipoanzishwa Marsabit mwaka 2010, malipo yake hayakutegemea mizoga bali ukavu wa malisho uliopimwa kwa setilaiti. Nani atamweleza mfugaji kwa nusu dakika kuwa jicho lililo angani litaitazama nyasi yake na kuamua fidia? Baada ya ukame wa miaka ya 2020 hadi 2022, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo na mizoga kutapakaa mbugani, maswali kama hayo yaliulizwa Kajiado pia. Wakala huyajibu kwa kupanda matatu na kwenda kuketi chini ya mgunga. Hapo simu huwa imefanya kazi yake: imebisha tu.

Siku moja, mwaka na ushei baada ya ajali ile, ujumbe wa sauti uliingia katika simu yake mwenyewe. Alikuwa akiosha vyombo, akausikiliza huku mikono ina povu. "Binti yangu, sopa. Ni mimi baba wa lile gari lililoungua. Nimepata jingine. Alhamisi saa nne nitafika Kitengela. Safari hii unieleze mimi wa kwanza, halafu ndipo tumfikie huyo wa tatu." Kulikuwa na kimya kidogo, kisha mlio.

Sekunde kumi na nane. Salamu, jina, haja, siku, saa. Aliufuta ule wa kwanza, wa dakika tatu, ambao alikuwa ameuhifadhi muda wote huo kama kovu. Huu wa mzee hakuufuta.