Tanga la Mbele

Wengi wanaojua kuiendesha Hobie 16, boti ya matanga yenye mashua mbili pacha, hawajui kwamba mlingoti wake haushikwi na waya wa mbele. Waya huo upo, unatoka mlingotini hadi omo, na boti ikiwa imelala mchangani ndio unaouzuia mlingoti usianguke. Lakini tanga dogo la mbele likishapandishwa na henza yake, yaani uzi wa kulipandishia, ikakazwa, waya unalegea ndani ya zipu ya tanga na kubaki kama mlinzi wa akiba. Mzigo wote unahamia kwenye tanga lenyewe, kwenye waya mwembamba ulioshonwa katika ukingo wake wa mbele. Hayo nilifundishwa Diani na mjomba wangu, mvuvi wa ngalawa tangu utoto wake.

Hoteli ilimwajiri kwenye banda la michezo ya baharini kwa sababu wageni huja na kuondoka, na bahari inataka mtu anayebaki. Mimi nilimfuata nilipomaliza shule. Tulikuta Hobie kuukuu, matanga yake ya rangi za upinde wa mvua yameshapauka. Zilibuniwa California na Hobie Alter, aliyeanza kwa kutengeneza mbao za kupandia mawimbi. Kwanza alitoa Hobie 14, mwaka 1968, yenye tanga moja tu, kisha ikafuata hii ya 16, yenye urefu wa mita 5, mlingoti wa mita 8 na uzito wa kilo 145 hivi. Watu wawili wanaiburura mchangani wenyewe. Tena haina ubao wa kushuka chini ya maji: mashua zake mbili zimepinda kama ndizi, na upande wa nje wa kila moja umenyooka kuliko wa ndani ili ing'ang'anie maji. Kwa maji ya ndani ya mwamba, ambako bamvua likitoka unaona matumbawe yote, nadhani hakuna boti ya kigeni iliyotufaa zaidi.

Ngalawa haina tanga la mbele. Ina moja tu, la pembe tatu, kwenye foromali, na Mjomba alikuwa ameliona hilo likibadilika kutoka amerikani hadi turubai la plastiki bila yeye kushangaa hata kidogo. Kilichomshangaza ni lile tanga dogo la Hobie. Alilitazama siku za kwanza kama mtu anayemkagua mkwe.

Kulipandisha kwa mtindo wa zamani kulikuwa hivi. Unafunga pembe ya chini kwa pini kwenye kibati kinachounganisha nyaya mbili zinazotoka kwenye omo zote mbili. Unatia pembe ya juu kwenye henza, unaanza kuvuta, na huku mwenzako anafunga zipu kuzunguka waya wa mbele kadiri tanga linavyopanda. Zipu hiyo ilikuwa adui. Chumvi na mchanga viliila, ikakwama katikati, na upepo wa Kusi haukungoji. Tuliipaka nta ya mshumaa kila tulipokumbuka, na tulikumbuka ilipokwama.

Halafu ndiyo inakuja kazi yenyewe, kukaza. Henza za boti zile zilikuwa za waya wa chuma juu na kamba chini, na hazikuwa na makapi ya kutosha kumsaidia mtu. Basi kijana mmoja anashika ule waya wa pembeni ambao baharia huning'inia nao nje ya boti, anaenda nao mbele ya omo, anaegemea kwa uzito wake wote hadi mlingoti unamfuata. Hapo henza inalegea kidogo, na mwingine anawahi kuifunga. Akiachia, mlingoti unarudi nyuma na tanga linakakamaa. Nyuzi za waya zilizokatika zilitutoboa vidole. Sijui fundi wa boti hizo ambaye hana alama hiyo.

Mabadiliko yaliingia pole pole. Kwanza waya wa henza ulipokufa hatukupata mwingine, tukaweka kamba isiyovutika, na kwenye mlingoti chini tukafunga makapi yaliyoigawa nguvu mara nne, baadaye mara sita. Kumbe wenzetu wa nchi nyingine walikuwa wamefika huko zamani. Kijana wa kuegemea hakuhitajika tena. Mtu mmoja, mkono mmoja.

Na nguvu ikipatikana, watu hutafuta pa kuitumia. Mgeni mmoja, mshindani wa mbio za boti hizi kutoka Afrika Kusini, aliomba ruhusa ya kuipanga upya boti tuliyoiona bora kuliko zote. Akashusha nyaya zinazoushika mlingoti pembeni tundu kwa tundu, akarefusha na ya mbele, kisha akakaza henza. Mlingoti ukalala nyuma, tezi kabisa, ukionekana kama umechoka.

Mjomba aliuzunguka. Milingoti ya vyombo vyetu, jahazi hata ngalawa, huinamia omo. Kwake mlingoti unaolala nyuma ulikuwa kichekesho.

"Huu umelewa," akaniambia. "Mpwa wangu, usikubali kutoka nao."

Nilikubali. Na boti ikaenda joshi kuliko nilivyowahi kuiona, omo zikiwa juu ya maji. Ugonjwa mkubwa wa Hobie 16 ni kwamba ukienda mbio na upepo wa nyuma, omo ya chini ya upepo inachoma maji, boti inasimama ghafla, nyuma inanyanyuka na nyote mnarushwa. Mlingoti ukilala nyuma, nguvu ya matanga inarudi nyuma nayo, na hatari hiyo inapungua. Haiishi. Gharama yake ni kwamba usukani unakuwa mzito, boti inataka kila wakati kuelekeza omo kwenye upepo, mpaka urekebishe pembe ya shikio ili ubao wake uingie zaidi chini ya boti. Na boriti ya tanga kubwa inashuka chini hivi kwamba ukigeuza lazima upite chini yake umejikunja kama kaa. Makapi ya zamani ya demani ya tanga kubwa, yaani kamba ya kulivutia, yalikuwa marefu. Yalikutana kabla tanga halijakaza. Ndipo yakaja makapi mafupi, na mlingoti ukaweza kulala zaidi.

Mjomba alikaa ufukweni akitazama. Nilipotua hakusema kitu kuhusu kulewa. Aliuliza tu henza ile imefungwa wapi, akaipapasa, akapiga waya kwa kidole na kusikiliza. Tangu siku hiyo alikuwa ndiye anayekaza, na hakuna aliyekaza kama yeye: hakutazama alama iliyochorwa mlingotini, alipiga waya wa chini ya upepo akautaka uwe umelegea, wa juu ya upepo ukiwa umekaza kama ubao. Tulipokuwa baharini alinikataza kuvuta demani ya tanga la mbele hadi mwisho. Alisema tanga hilo likifungwa mno linapuliza upepo kwenye mgongo wa tanga kubwa na kuliharibia. Vitabu vya mbio husema hivyo hivyo, lakini yeye hakuvisoma.

Siku hizi mahoteli mengi yanapenda boti za plastiki. Hobie Wave huja na tanga moja, na la mbele ni nyongeza ya hiari. Getaway inalo, lakini linazungushwa kwenye waya wake kwa kamba moja, mgeni hata haulizi. Nadhani ni busara kwa mgeni wa saa moja, japo mimi nazichukia kimya kimya. Mimi sasa ni fundi wa matanga, na wenye Hobie 16 zilizobaki huniletea yao. Nabadilisha zipu, nashona mifuko ya vijiti iliyochanika, nakagua ule waya wa ukingoni, kwa sababu ukiota kutu ndani ya kitambaa hauonekani kwa nje na ndio unaobeba kila kitu. Ukinipigia simu, njoo na kibati cha kwenye omo pia. Matundu yake hulika, na tanga jipya kwenye tundu lililolika ni pesa iliyotupwa baharini.