Mjusi Aumaye Mkia Wake

Msafiri atokaye Cape Town kwenda kaskazini, akiisha kuipita milima ya Piketberg, huingia katika nchi kavu ya mawe na vichaka vifupi iliyo upande wa Bahari ya Atlantiki. Mvua yake ni chache, nayo hunyesha wakati wa baridi. Mwezi wa Agosti na Septemba nchi ya Namaqualand hufunikwa na maua, na watu hutoka mbali kuja kuyatazama. Ni wachache wainamao kuchungulia nyufa za majabali, nako ndiko akaako mjusi wa ajabu kuliko maua yote.

Si mkubwa, mwili wake bila mkia hautimizi sentimita 11. Mgongo wake ni wa rangi ya kahawia, tumbo ni la manjano lenye mabaka meusi. Magamba yake magumu yamepangwa safu kwa safu kama vigae, na yale ya mkiani yamechongoka kama miiba. Wazungu walimwita kwa jina la armadilo, mnyama wa Amerika ya Kusini aliyevaa deraya. Mtu wa Afrika ya Mashariki angemfananisha upesi zaidi na kakakuona.

Mjusi huyu hana mbio. Akiwa karibu na ufa wake hujitupa ndani, basi. Lakini chakula chake kikuu ni mchwa, nao aghalabu hupatikana mbali na jabali. Akikutwa huko na ndege mkali au nguchiro, hujikunja, akaushika mkia wake kwa meno, akawa pete ya miiba. Tumbo lake laini limefichwa ndani, na adui haoni pa kuanzia. Mjusi wa nyumbani akishikwa mkia huuacha ukirukaruka, akaenda zake; huyu hauachi kwa urahisi, maana mkia ndio komeo la ngome yake.

Kwa binadamu silaha hiyo haifai kitu. Mtu huiokota pete kama kokoto, akaitia mfukoni. Wako watu wa ng'ambo walipao fedha nyingi ili wamfuge katika sanduku la kioo, na wawindaji wa magendo huvunja majabali kumtafuta. Huishi kwa jamaa, pengine thelathini au zaidi katika ufa mmoja, hata jamaa nzima yaweza kuchukuliwa kwa asubuhi moja. Jike hatagi mayai. Huzaa, na kwa kawaida mtoto ni mmoja tu kwa mwaka. Sheria za Afrika ya Kusini zinakataza kumkamata bila kibali, na biashara yake baina ya nchi na nchi imewekewa masharti na mapatano ya mataifa. Lakini pete ndogo kama hiyo hutoshea ndani ya soksi, na afisa wa forodha hana budi kupekua sana ndipo aione.